Mtihani wa NET wa Sayansi ya Jinai: Jifunze Kutofautisha Vinavyofanana

Doa jekundu limekutwa kwenye shati. Mchunguzi analipangusa kwa pamba, anadondoshea kemikali ya Kastle-Meyer, anasubiri kidogo, kisha anaongeza tone la haidrojeni peroksidi. Pamba inageuka rangi ya waridi papo hapo. Je, imethibitika kwamba doa hilo ni damu?

Aliyekariri kwamba "Kastle-Meyer ni kipimo cha damu" atajibu ndiyo, na atapoteza maksi 2. Kipimo hicho ni cha awali. Kinasema huenda ni damu, basi, kwa sababu vimeng'enya vya mimea kadhaa, viazi vikiwemo, vinaweza kuleta rangi ile ile. Uthibitisho unatoka kwingine, kwa mfano kwenye fuwele za kahawia za Teichmann au fuwele za waridi za Takayama, ambazo hutazamwa kwa hadubini. Na mtahini akitaka kukubana zaidi atauliza: itakuwaje rangi ikitokea kabla ya kutia peroksidi? Hapo ujue kuna kemikali ya kuoksidisha kwenye doa, na kipimo hakina maana tena.

Nimeanza na swali hili kwa sababu ndani yake mna tabia nzima ya mtihani ninaotaka kuueleza: NET ya India, somo la sayansi ya jinai, ambalo katika orodha ya masomo ya mtihani huo lina namba 82. Wengi wanaoujia wamesoma sana. Wanajua vitu vingi. Wanaanguka mahali ambapo vitu viwili vinavyokaribiana vimewekwa jirani na kuulizwa kipi ni kipi. Kwa maoni yangu, maandalizi yoyote yasiyojengwa juu ya ustadi huo wa kutenganisha ni kujichosha bure.

Mtihani wenyewe na hesabu zake

NET ni mtihani wa taifa wa kupima wanaostahili kufundisha vyuo vikuu vya India au kulipwa ili wafanye utafiti. Mamlaka yake ni Tume ya Ruzuku ya Vyuo Vikuu, UGC, na tangu Desemba 2018 unaendeshwa na wakala wa mitihani wa taifa, NTA. Hufanyika mara mbili kwa mwaka, kwa mzunguko wa Juni na wa Desemba. Lugha ni Kiingereza na Kihindi. Kwa kawaida anayeingia huwa na shahada ya uzamili yenye wastani wa asilimia 55, au asilimia 50 kwa makundi yaliyotengewa nafasi kisheria.

Kuna karatasi mbili zinazofanywa mfululizo bila mapumziko, kwa saa tatu. Karatasi ya kwanza ni ya watu wote, awe wa historia au wa fizikia: maswali 50, maksi 100. Karatasi ya pili ni ya somo lako: maswali 100, maksi 200. Kila swali ni la kuchagua jibu moja kati ya manne. Ukikosea hukatwi kitu. Gawanya mwenyewe: dakika 180 kwa maswali 150 ni sekunde 72 kwa swali, pamoja na kusoma.

Jambo ambalo halieleweki vizuri ni la kufaulu. Kuna kiwango cha chini, asilimia 40 ya jumla ya karatasi zote mbili, au 35 kwa makundi yaliyotengewa nafasi. Watu huiona 40 wakatulia. Kuvuka kiwango hicho kunakupa haki ya kuhesabiwa tu. Wanaotunukiwa sifa ya kuwa mhadhiri msaidizi ni asilimia 6 ya wote waliofanya karatasi zote mbili, na nafasi hizo hugawanywa kwa masomo na kwa makundi ya kijamii. Ufadhili wa utafiti, unaoitwa JRF, ni wa wachache zaidi walio juu ya hapo, na una ukomo wa umri wa miaka 30, wenye kuongezwa kwa makundi fulani. Tangu Januari 2023 ufadhili huo ni rupia 37,000 kwa mwezi kwa miaka miwili ya kwanza, kisha rupia 42,000. Kwa kijana anayetaka kufanya udaktari wa falsafa kwenye maabara ya umma, hizo ni fedha za kodi ya nyumba, chakula na vitabu, na ndiyo maana ushindani ni mkali.

Kwa hiyo unashindana na watu, wala si na silabasi. Swali ambalo kila mtu analijua halikupandishi hata hatua moja. Linalokupandisha ni lile ambalo nusu ya ukumbi watalikosa huku wakiamini wamepata.

Kwa nini somo hili huwachanganya hata wenye shahada

Sayansi ya jinai ni mkusanyiko wa sayansi zilizokutana kwa sababu mahakama inazihitaji. Silabasi yake ina sehemu kumi. Ndani yake mna sheria na eneo la tukio, vifaa vya maabara kama vile spektroskopia na kromatografia, damu na majimaji ya mwili, vinasaba, mifupa na meno, sumu, dawa za kulevya, vilipuzi na moto, silaha na risasi, nyaraka zinazotiliwa shaka, alama za vidole, kompyuta na simu, tiba ya uchunguzi wa maiti. Hakuna mtu aliyezaliwa anazijua zote. Aliyetoka kwenye biolojia atapita kwenye vinasaba akiimba na kukwama kwenye risasi. Aliyetoka kwenye kemia atafurahia sumu, kisha mifupa ya nyonga itamshinda.

Kosa la kawaida ni kurudi kila siku kwenye sehemu unayoipenda, kwa sababu pale unajisikia una akili. Maksi za kupanda nazo haziko huko. Mtu wa biolojia aliye na 8 kati ya 10 kwenye damu atahangaika wiki nyingi ili afike 9. Wiki hizo hizo akizipeleka kwenye vifaa vya maabara, anaweza kutoka 3 hadi 6. Kwa sababu hiyo mimi humshauri mtu aanze na sehemu tatu anazoziogopa zaidi, na aanze nazo mapema, akili ikiwa bado haijachoka.

Vifaa vya maabara hasa havikwepeki, kwa kuwa vinajitokeza hata kwenye maswali ya sehemu nyingine. Chukua kromatografia ya gesi, njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika. Mashine ni moja, ila vitambuzi vya mwishoni ni tofauti, na mtahini anapenda sana kuvichanganya. Kitambuzi cha mwali wa moto hufaa kwa misombo ya kaboni kwa ujumla, kama vile pombe kwenye damu au mabaki ya petroli kwenye nyumba iliyochomwa. Kitambuzi cha kunasa elektroni hupenda misombo yenye halojeni, kama vile klorini, kwa hiyo ndicho cha viuatilifu vya jamii ya DDT. Viuatilifu vya fosforasi vina kitambuzi chake, kile cha naitrojeni na fosforasi. Sasa swali likisema "sampuli ya tumbo la marehemu inashukiwa kuwa na kiuatilifu cha klorini", limekwisha kukupa jibu ndani ya neno moja. Anayejua tu kwamba "kromatografia ya gesi hupima sumu" ataona majibu manne yote yanapendeza.

Hesabu nazo zipo, na ni nyepesi kuliko zinavyoogopwa. Mwanga ukipita kwenye sampuli kwa asilimia 10 tu, ufyonzaji wake ni 1. Ukipita kwa asilimia 1, ni 2. Tone la damu lililoanguka kwa mshazari huacha doa refu. Gawanya upana kwa urefu na utapata saini (sine ya trigonometria) ya pembe liliyotua nayo. Doa la milimita 5 kwa 10 linatoa 0.5, yaani nyuzi 30. Mahesabu ya aina hiyo hayazidi machache, na mwanafunzi wa kidato cha nne aliyetulia anayaweza.

Daftari la jozi

Njia ninayoiamini ni hii. Chukua daftari, kila ukurasa ugawe katikati, na uandike kwa mkono vitu viwili ambavyo mtu mwenye haraka angevichanganya. Kushoto kimoja, kulia kingine, na chini mstari mmoja: tofauti inayoamua. Usinakili sura ya kitabu. Andika jozi tu. Ukurasa usiokuwa na mstari wa chini bado hujauelewa.

Nitatoa jozi chache ili ieleweke ninachokusudia.

Silaha. Idadi ya mifereji ndani ya mtutu na upande inakojipinda ni sifa za kundi: zinakuambia risasi imetoka kwenye aina gani ya bunduki. Mikwaruzo midogo inayoachwa na mtutu mmoja ule ule juu ya risasi ni sifa za pekee, na hiyo ndiyo inayolinganishwa chini ya hadubini ya ulinganishi. Mtahini ataandika "mifereji sita inayojipinda kushoto" na kuuliza kama inatosha kuitambua bastola ya mshukiwa. Haitoshi. Inaweza kumwondoa mtu kwenye orodha, ila haiwezi kumtia hatiani. Tofauti hiyo ya kundi na pekee ndiyo uti wa mgongo wa taaluma yote, kuanzia soli za viatu hadi mwandiko, na aliyeishika kwenye silaha ataikuta kila sehemu.

Bunduki ya marisau ina mtego wake. Kipimo chake cha geji ni idadi ya golori za madini ya risasi zenye kipenyo cha mtutu ambazo kwa pamoja zinatimiza ratili moja. Geji 12 maana yake golori 12. Kwa hiyo geji 20 ina mtutu mwembamba kuliko geji 12, ingawa namba ni kubwa. Halafu kuna .410, ambayo imekaa kwenye orodha ile ile, na yenyewe ni kipenyo halisi kwa inchi. Nimeona watu wenye shahada wakiipanga .410 kana kwamba ni geji.

Dawa za kulevya ni uwanja wa rangi. Kitendanishi cha Marquis hugeuka zambarau kwa afyuni na jamaa zake, na rangi ya chungwa kwa amfetamini. Kobalti thiosayaneti, kwenye kipimo cha Scott, hutoa buluu kwa kokeini. Duquenois-Levine ni cha bangi. Dille-Koppanyi ni cha dawa za usingizi za jamii ya babichureti. Haya hujifunzwa vizuri zaidi ukiwa na jedwali moja la rangi ulilolichora mwenyewe, na kila jina ulisome pamoja na lile linalofanana nalo. Kumbuka pia kwamba vyote hivi ni vipimo vya awali. Uthibitisho unatoka kwenye mashine, hasa kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya masi.

Sumu nazo zina sura ya India. Kitabu cha Ulaya kitakuelezea arseniki na kipimo cha James Marsh cha mwaka 1836, na ni sawa, hilo huulizwa. Lakini India ina vifo vingi vya vidonge vya fosfidi ya aluminiamu, vile vinavyowekwa kwenye ghala ili wadudu wasile nafaka, ambavyo wakulima wa kwetu pia wanavifahamu. Vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini, na karatasi iliyolowekwa nitrati ya fedha inageuka nyeusi. Kuna datura, mmea wenye sumu ambao kwa miaka mingi umetumiwa kuwalevya wasafiri ili waibiwe. Anayesoma kwa kutumia vitabu vya nje peke yake ataukosa upande huu.

Alama za vidole nataka nikae nazo kidogo, kwa sababu hapa India haisomi tu historia ya wengine. Ofisi ya alama za vidole ya Calcutta ilianzishwa mwaka 1897, na mfumo wa kuziainisha ambao dunia inauita wa Henry, kwa jina la mkuu wa polisi Edward Henry, ulijengwa kwa kazi kubwa ya maofisa wawili wa Bengal, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Scotland Yard, polisi wa London, waliupokea mwaka 1901. Swali la nani alifanya nini katika hadithi hii hurudi mara kwa mara, na ni haki lirudi.

Hesabu ya mfumo wenyewe hutisha wengi bila sababu. Vidole vinahesabiwa 1 hadi 10, kuanzia gumba la kulia hadi kidole cha mwisho cha kulia, kisha gumba la kushoto hadi kidole cha mwisho cha kushoto. Jozi ya kwanza ya vidole, cha 1 na cha 2, ina thamani ya 16 kila kimoja, ya pili 8, kisha 4, 2 na 1. Thamani hiyo huhesabiwa pale tu mistari ya kidole inapokuwa na umbo la mzunguko; maumbo ya vitanzi na matao hayahesabiwi. Vidole vya namba shufwa huenda juu ya mstari, vya namba witiri chini, na kila upande unaongezwa 1. Tuseme mtu ana mizunguko kwenye gumba la kulia, kidole cha pete cha kulia na kidole cha shahada cha kushoto. Hivyo ni kidole cha 1, cha 4 na cha 7. Juu: 8 na 1, jumla 9. Chini: 16 na 2 na 1, jumla 19. Jibu ni 9 juu ya 19. Asiyekuwa na mzunguko hata mmoja ni 1 juu ya 1, mwenye mizunguko kote ni 32 juu ya 32, na hapo unaona kwa nini makundi yote ni 1,024. Ukifanya mifano kumi ya namna hii kwa mkono hutaisahau.

Sheria zilizobadilishwa, na vitabu ambavyo havijabadilika

Tarehe 1 Julai 2024 India iliacha kutumia sheria tatu kuu za jinai na kuanza kutumia mpya. Kanuni ya adhabu ya 1860 ilibadilishwa na Bharatiya Nyaya Sanhita, mwenendo wa jinai ukawa Bharatiya Nagarik Suraksha Sanhita, na Sheria ya Ushahidi ya 1872 ikawa Bharatiya Sakshya Adhiniyam. Kwa mtahiniwa, hii ni hatari ya wazi. Vitabu vingi vya mitumba na madokezo yanayozunguka kwenye simu bado vina namba za vifungu vya zamani.

Maoni ya mtaalamu yaliyokuwa kifungu cha 45 sasa yako kifungu cha 39. Ushahidi wa kielektroniki uliokuwa 65B uko 63. Ripoti za wataalamu wa maabara za serikali, ambazo zilikuwa kifungu cha 293 cha mwenendo wa jinai, ziko 329. Mauaji yametoka 302 yakaenda 103. Jifunze zote mbili kama jozi, ya zamani na ya sasa, maana hukumu kubwa unazotakiwa kuzijua ziliandikwa kwa namba za zamani.

Sheria mpya ya mwenendo wa jinai imeleta jambo lingine lenye uzito kuliko namba. Kifungu cha 176(3) kinataka mtaalamu wa sayansi ya jinai afike eneo la tukio kwa kosa lolote ambalo adhabu yake ni miaka saba au zaidi, na majimbo yamepewa hadi miaka mitano kuanza kulitekeleza. Nchi yenye watu wengi kiasi kile itahitaji wataalamu wengi sana, na walimu wa kuwafundisha. Kwangu hii ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kuuchukulia mtihani huu kwa heshima: anayefaulu leo ndiye atakayemfundisha kesho yule anayepima pamba yenye damu, na mtu atafungwa au ataachiwa kwa kipimo hicho.

Hukumu mbili zinatosha kuonyesha namna sheria inavyoulizwa. Mwaka 1961, katika shauri la jimbo la Bombay dhidi ya Kathi Kalu Oghad, Mahakama ya Juu ilisema kumchukua mshukiwa alama za vidole au sampuli ya mwandiko si kumlazimisha ajitolee ushahidi dhidi yake mwenyewe. Mwaka 2010, katika shauri la Selvi dhidi ya jimbo la Karnataka, mahakama hiyo hiyo ilisema kumpima mtu kwa mashine ya uongo, kumdunga dawa ya kumfanya aseme, au kumpima mawimbi ya ubongo bila ridhaa yake ni kuvunja haki hiyo hiyo ya katiba, ibara ya 20(3). Ukizisoma mbalimbali ni kama zinapingana. Ukiziweka kwenye ukurasa mmoja, mstari wa chini unajiandika: kidole hakielezi kilicho akilini mwa mtu, lakini majibu ya mashine hizo yanatoka akilini mwake.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam asione haya ni ya mbali. Sheria za ushahidi za Kenya ya 1963 na Tanzania ya 1967 zilichota sana kutoka kwenye ile sheria ya India ya 1872, na mantiki ya maoni ya mtaalamu ambayo wakili wa kwetu anaitumia kila wiki ndiyo ile ile. Aidha, chuo kikuu cha taifa cha sayansi za uchunguzi wa jinai cha India, chenye makao Gandhinagar katika jimbo la Gujarat, kilifungua tawi lake Jinja, Uganda, mwaka 2023. Vijana wa Afrika Mashariki wanaosoma mtaala huo wa India wanaweza kuyatumia maswali ya NET kujipima, hata wasipokusudia kukaa kwenye ukumbi wa Delhi.

Karatasi ya kwanza, inayodharauliwa

Theluthi moja ya maksi zote iko kwenye karatasi ambayo mtu wa maabara huifungulia kitabu wiki moja kabla. Inahusu ufundishaji, utafiti, ufahamu wa kifungu cha habari, mawasiliano, hesabu na mantiki, kusoma takwimu kwenye jedwali, teknolojia ya habari, mazingira na maendeleo, na mfumo wa elimu ya juu wa India. Kwa kuwa jumla ya karatasi zote mbili ndiyo inayokupanga, maksi 2 za jedwali la takwimu zina thamani sawasawa na maksi 2 za vinasaba, na kuzipata ni rahisi zaidi.

Kuna sehemu moja humo ambayo ningemwomba kila mwanafunzi wa sayansi ya jinai aisome kwa mapenzi, nayo ni mantiki ya Kihindi. Wanafalsafa wa India walijadili kwa karne nyingi njia zipi zinampa mtu maarifa ya kweli. Waliziita pramana. Wa Charvaka walikubali moja tu, kuona kwa hisi. Shule ya Nyaya ilikubali nne: kuona, kukisia kwa hoja, kulinganisha, na ushuhuda wa anayeaminika. Mimamsa ya Bhatta na Advaita Vedanta walifikisha sita, wakiongeza dhana inayolazimika ili jambo lieleweke, na kujua kwamba kitu hakipo kwa sababu hakionekani pale kilipopaswa kuonekana. Soma tena orodha hiyo ukimfikiria mchunguzi aliyesimama kwenye chumba cha tukio. Hisi, hoja, ulinganishi, shahidi, dhana, na kukosekana kwa kitu. Ndiyo kazi yake yote. Ukiisoma hivyo hutahitaji kukariri.

Namna ya kufanya mazoezi

Maswali ya miaka iliyopita ndiyo mwalimu bora. Usiyasome pamoja na majibu pembeni. Kaa saa tatu, fanya karatasi zote mbili kwa mpigo, halafu tumia muda mrefu zaidi kuyachambua kuliko ulioutumia kuyafanya. Kwa kila swali ulilokosa, uliza: sikujua, au nilichanganya? Usichokijua kinahitaji kitabu. Ulichokichanganya kinahitaji ukurasa mpya kwenye daftari la jozi. Watu wengi wakifanya hesabu hii kwa uaminifu huona kundi la pili ni kubwa.

Zoea pia sura za maswali. Kuna ya kuoanisha orodha mbili, ambayo mara nyingi hutatuliwa kwa kupata jozi mbili za uhakika na kufuta majibu yasiyokubaliana nazo. Kuna ya kupanga kwa mfuatano wa miaka au wa hatua. Kuna ya Dai na Sababu, na haya ndiyo yanayoumiza zaidi: unaweza kupewa dai la kweli na sababu ya kweli, ilhali sababu hiyo haielezi dai. "Mwanga wa luminoli huonekana gizani" ni kweli. "Luminoli ni kipimo cha awali cha damu" ni kweli. Ya pili haielezi ya kwanza. Jizoeze kuweka neno "kwa sababu" katikati na kuisoma sentensi yote kwa sauti ya chini. Mara nyingi sikio litagundua.

Kwa kuwa hakuna kukatwa maksi, usiache swali tupu hata moja. Mtu aliyeacha maswali 12 kwa "kutokuwa na uhakika" ametupa, kwa wastani wa bahati, maswali 3, yaani maksi 6. Katika mtihani wa kupangwa kwa nafasi, maksi 6 zinaweza kuwa umbali kati ya ufadhili na kusubiri mzunguko mwingine.

Baada ya mtihani, NTA hutoa majibu ya awali na kuruhusu yapingwe kwa ada ya rupia 200 kwa swali. Hii ni haki, itumie pale unapokuwa na kitabu cha kuaminika mkononi. Majibu ya awali hubadilishwa mara nyingine.

Kuna jambo la nje ya uwezo wa mtahiniwa ambalo lazima lisemwe. Mtihani wa tarehe 18 Juni 2024, uliofanywa na watu zaidi ya 900,000, ulifutwa na Wizara ya Elimu siku iliyofuata kwa hofu kwamba uadilifu wake umeingia dosari. Ulirudiwa kati ya tarehe 21 Agosti na 4 Septemba mwaka huo, kwa kompyuta. Waliokuwa wamesoma kwa kusukumana hadi siku ya mwisho walilazimika kuanza upya wakiwa wamechoka na wamevunjika moyo, na wana haki ya kulalamika. Ratiba yako isijengwe kama kwamba kuna tarehe moja tu duniani. Marudio ya wiki kwa wiki, ya jozi tano kwa siku, yanavumilia tarehe kusogezwa, kukesha hakuvumilii.

Mwisho, fahamu unachoomba. Tangu mzunguko wa Juni 2024 matokeo yana ngazi tatu: ufadhili wa JRF pamoja na sifa ya uhadhiri msaidizi, uhadhiri msaidizi pamoja na kuingia masomo ya udaktari wa falsafa, na kuingia masomo hayo tu. Kwa ngazi mbili za chini, chuo kinachokupokea huhesabu NET kwa uzito wa asilimia 70 na usaili asilimia 30, na maksi hizo za kuingilia hudumu mwaka mmoja peke yake. Sifa ya uhadhiri haina mwisho. Kwa hiyo anayelenga udaktari aanze kuwaandikia wasimamizi wa maabara anazozitaka hata kabla matokeo hayajatoka, akiwa na pendekezo la utafiti mkononi, kwa kuwa vyuo hufungua na kufunga milango yake kwa kalenda zao wenyewe.